Wajina Wangu na Poti ya Kijani

Jumatatu, 15 Desemba 2003

Suruali nyingine. Nimeifua na kuianika roshani kando ya zile nyingine. Maji ya mfereji yamekatika tangu asubuhi. Itakayofuata itasubiri.

Naandika ili hasira ipungue. Nyambura binti yangu hana mume, kwa hiyo mwanawe alirithi jina langu, kama desturi yetu inavyotaka. Njoroge, miaka miwili na nusu. Siku nyingine zote naipenda desturi hii. Lakini Nyambura humwita mtoto "Baba", na kumkemea hawezi. Atamkemeaje baba yake? Leo alimkuta amesimama katikati ya dimbwi, ametulia kabisa. "Baba, tafadhali," akasema. Basi. Akaenda zake kazini Karen, anakouzia fanicha watu wenye vyoo vitatu nyumba moja. Dimbwi likabaki langu.

Jumanne, 16 Desemba

Nimepewa tarehe. Chekechea ya hapa mtaani Satellite inafunguliwa Januari tano na mwalimu mkuu amekubali kumpokea, kwa sharti moja: nepi isivuke lango. Mtoto awe anajua choo. Asipopokelewa, Nyambura atampeleka Nyeri kwa dada yake Wangari, akae huko mwaka mzima. Yaya alishatuacha, na goti langu bovu linajulikana.

"Siwezi kuwaacha nyinyi wawili peke yenu," alisema. Nyinyi wawili. Kana kwamba sote tunahitaji kuchungwa.

Sitaki aende Nyeri. Naliandika bila mapambo. Nilishawahi kutenganishwa na vyote nilivyovipenda, kwa alasiri moja, tulipofukuzwa shambani kwetu kule Molo. Inatosha.

Jumatano, 17 Desemba

Nyambura alipitia saiba ya intaneti mjini akaja na kurasa zilizochapishwa. Zinasema mtoto "huonyesha dalili za utayari". Wajina wangu haonyeshi dalili yoyote isipokuwa furaha.

Zinasema pia aketishwe kila baada ya muda mfupi, bila kulazimishwa. Tumenunua poti ya kijani. Aliketi vizuri sana, kama diwani. Nikamsomea gazeti, akasikiliza mpaka ukurasa wa biashara. Kisha akainuka kama mtu aliyekumbuka jambo la dharura, akaenda nyuma ya kochi, akakojoa huko.

Ijumaa, 19 Desemba

Siku nzima najaribu kukumbuka tulivyowafundisha wanetu. Watano, wote walikulia shambani. Sikumbuki somo hata moja. Walitembea na shati tu, chini wazi, kati ya viazi na mahindi, na udongo ukanywa kila kitu. Kisha siku moja wakawa wanajua. Hapa tuko ghorofa ya tatu. Vigae vyeupe, na chini ya vigae ni dari ya Mama Brayo.

Nimesoma mengi kuhusu miji iliyozingirwa na majeshi. Mbinu ni tatu: subira, hongo na usaliti. Subira imeshindwa.

Jumapili, 21 Desemba

Hongo imeshindwa. Alipokea biskuti ya kuketi. Hakufanya kitu. Akadai biskuti ya kuinuka.

Baada ya ibada Mama Brayo alinishauri nimimine maji, mtoto asikie sauti yake. Nilimimina kutoka kikombe hadi kikombe kwa utaratibu mwema, mpaka nikalazimika kukimbilia chooni mimi mwenyewe. Niliporudi alikuwa bado ameketi pale, mkavu, akinitazama kwa huruma.

Jumatano, 24 Desemba

Wangari amepiga simu. Ameshanunua kitanda kidogo. Cha mbao, chenye ubavu ili mtoto asianguke. Nikasema ni vizuri. Si vizuri hata kidogo.

Jumamosi, 27 Desemba

Krismasi imepita. Kuku, chapati, na zulia la jirani wa mlango wa pili ambalo sasa linakauka kwenye ukuta wa nje. Aibu.

Leo uvumilivu wa Nyambura umekatika. Alikuwa roshani tu na nguo safi mikononi, akageuka, akaona dimbwi jipya miguuni pa mtoto. Akapaza sauti ambayo sijaisikia tangu alipokuwa msichana:

"Baba! Umejikojolea tena! Mtu mkubwa hivi!"

Wapangaji wa ploti nzima walisikia. Redio za chini zilipunguzwa. Kimya kilichofuata kilikuwa cha heshima.

Jumapili, 28 Desemba

Jambo la ajabu kanisani. Kijana mmoja aliniachia kiti cha mwisho, karibu na mlango, akaninong'oneza kama kwa babu yake, "Hapa ni rahisi kutoka, Guka." Mchungaji aliushika mkono wangu muda mrefu kuliko kawaida. Mama mmoja nisiyemfahamu aliniambia nipunguze chai jioni. Nadhani ni mambo ya goti.

Jumanne, 30 Desemba

Si goti.

Saa kumi walibisha hodi. Mama Brayo mbele, akinamama wa ushirika wa kanisa nyuma yake, mchungaji mwisho, amevua kofia. Chai kwenye thermos, mikate, beseni jipya. Pia mfuko mweusi ambao Mama Brayo aliuweka chini ya meza kwa uangalifu mkubwa.

"Tumesikia, Mzee," akasema. "Usione haya. Ni mwili tu."

"Mama Brayo, mimi sina..."

"Hata babangu alianza hivyo hivyo. Alikataa, akakataa! Na aliishi miaka mingi sana."

Wakaanza wimbo. Mtu hakatizi wimbo. Nyambura alikuwa amesimama mlango wa jikoni, ameziba mdomo kwa kitambaa, nami sikujua kama analia. Kisha mchungaji akaomba. Aliomba kwa nguvu. "Ee Bwana, wewe uliyeituliza bahari, kitulize na kibofu cha mtumishi wako Njoroge!"

Mtumishi Njoroge alisikia jina lake. Akatoka chumbani bila suruali, akiburuta poti. Akaiweka katikati ya duara la watu wanaoomba, akaketi, akamkazia macho mchungaji. Sauti ikasikika. Chumba kizima kikaisikia, kwa muda mrefu, kwenye plastiki.

Hakuna aliyesema amina.

"Haiya!" Mama Brayo akapaza sauti. "Kumbe Baba ni huyu!"

Vigelegele. Makofi. Mama mmoja alicheza. Mchungaji aliangalia dari, mabega yakitetemeka. Siwezi kusema sala haikujibiwa. Jina lilitajwa sawasawa. Wakanywa chai yote. Mama Brayo aliondoka na ule mfuko mweusi wa nepi za wazee chini ya leso yake. Beseni limebaki.

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Tumeshinda.

Jumatano, 31 Desemba

Hatujashinda.

Anakwenda kwenye poti, ndiyo. Lakini anataka watu. Anaketi, anatazama nyuma yangu, anauliza: "Watu wako wapi?" Makofi yangu peke yangu hayatoshi. Asubuhi alikubali kwa sababu Mama Brayo alipanda na wanawe wote. Mchana alikubali kwa sababu ya msoma mita wa umeme. Kijana mwenye adabu. Aliweka kitabu chake chini akapiga makofi, kisha akauliza kama ni hivi kila mwezi.

Ijumaa, 2 Januari 2004

Chekechea haina ushirika. Haina vigelegele. Zimebaki siku chache.

Nimeamua kupunguza umati kidogo kidogo. Jana Mama Brayo na mwana mmoja. Leo Mama Brayo peke yake, akiwa mlangoni. Jioni mimi tu, nikipiga makofi kutoka jikoni nisionekane. Akaja kunitafuta. Aliponipata, alikuwa amemaliza njiani.

Nyambura ametoa begi la safari chini ya kitanda. "Ni tahadhari tu, Baba," aliniambia mimi. Amepanga ndani sweta tatu. Nyeri kuna baridi.

Sikula chakula cha jioni.

Jumapili, 4 Januari

Nimemwacha peke yake na poti, mlango umerudishwa. Nikaketi kwenye korido na goti langu. Kimya. Nikatumaini. Kisha akaanza kulia kwa sauti ndogo, na nilipofungua, vigae vilikuwa vimelowa na poti ilikuwa kavu. Alilia kwa sababu hakuna aliyemwona. Nikamwelewa. Hilo ndilo baya zaidi.

Niliwaza kumwambia Nyambura amwambie mwalimu uongo. Niliwaza hilo kwa dakika nzima, mimi niliyefundisha watoto wa watu maisha yangu yote.

Begi liko mlangoni. Nimepiga pasi kaptura yake ya shule.

Jumatatu, 5 Januari

Tulitembea polepole, yeye kwa sababu ya viatu vipya. Lango la chekechea lina tembo aliyechorwa. Nikamweleza mwalimu, msichana mdogo, kila kitu bila kuficha: makofi, ushirika, msoma mita. Alinisikiliza vizuri. "Sawa Mzee. Enda tu nyumbani, tutakupigia simu," akasema, akamshika mkono.

Sikwenda nyumbani. Nilikaa kwenye kreti ya soda ng'ambo ya barabara, simu ya Nyambura mfukoni. Haikulia. Nilisikia nyimbo. Nilisikia mtoto mmoja akimlilia mama yake, si wetu. Mwenye kioski aliniuliza nangoja nani. Nikasema wajina wangu.

Saa sita alitoka na kaptura ileile niliyoipiga pasi. Niliigusa kwa mkono. Kavu. Nikamuuliza mwalimu ilikuwaje.

"Ilikuwaje nini?"

"Choo."

"Ah, hiyo? Tunawapanga mstari, wanashikana mashati, wanaenda. Akaenda na wenzake."

"Na nani aliyepiga makofi?"

Alinitazama kwa upole, kama watu wanavyowatazama wazee. "Tupige makofi kwa nini, Mzee? Si ni choo tu?"

Njiani hakusema neno kuhusu choo. Alitaka kunionyesha namna ya kushika shati la mtu aliye mbele yako. Tukaenda hivyo mpaka nyumbani, yeye nyuma, shati langu limetoka kwenye suruali.

Sasa amelala. Nyambura amerudi, nimemsikia akimwambia Wangari kwa simu kwamba mtoto anabaki, kile kitanda wampe mwingine. Wakahamia bei ya viazi. Nimelifungua begi mwenyewe na kurudisha nguo zake kwenye droo. Haikuchukua muda. Ni nguo ndogo.