Kidole cha Pete cha Elias

Jumatatu, 2 Juni

Na kingine ninachokipenda ni vile anavyoimba akirudi kazini, vibaya, bila aibu. Wiki ya tatu ya ndoa na bado namtazama mume wangu Elias kama sinema. Leo nimepika ugali wa muhogo na maharage. Kasifu mpaka nikaficha uso. Siku ya pili ya ndoa nilimwapisha: pete isitoke kidoleni hata mara moja. Wenzake kwenye mashine ya kufyatua matofali huacha pete zao nyumbani. Yeye haachi. Wanamwita Bwana Harusi. Nina furaha mpaka naogopa.

Jumanne, 3 Juni

Mfuniko wa mashine umembana. Kidole cha pete, mkono wa kushoto. Kucha imeng'oka nusu, ncha imepondeka. Nimekimbia bila viatu mpaka zahanati ya hapa Runazi.

Muuguzi amemsafisha, amemfunga, ameandika rufaa ya hospitali. Gari la mjini lilikuwa limeshaondoka, twende kesho. Kisha akasema, "Kaka, vua pete kabla kidole hakijavimba."

Elias akaishika aivue. Nikamshika mkono. "Uliniapia." Akaniangalia. Akaiacha. Muuguzi akarudia. Nikamjibu tutaivua nyumbani.

Hatukuivua.

Jumatano, 4 Juni

Kidole kimeimeza pete. Sabuni, mafuta ya kupikia, wapi. Hospitali wameikata kwa kisumeno kidogo.

Daktari kampiga sindano za ganzi kwenye shina la kidole. Katoa kucha yote, kashona nyama iliyo chini yake kwa uzi mwembamba kama unywele, kisha kairudisha kucha juu ilinde mshono. Nimetazama kila kitu. Elias kanikonyeza nisilie.

Daktari kasema jeraha lenyewe lilikuwa baya, lakini pete imebana damu saa nyingi mno. Tusubiri hapahapa wodini. Ncha ikifa, wataikata. Akauliza kwa nini haikuvuliwa.

Elias alijibu kabla yangu. "Ni mimi, daktari. Nilikataa."

Nilinyamaza. Naandika hapa nione haya: nilinyamaza.

Ijumaa, 6 Juni

Ncha ni ya baridi. Nyeusi kidogo. Au ni ile dawa ya kahawia wanayompaka. Nasema ni dawa.

Jumapili, 8 Juni

Si dawa.

Mama mkwe amekuja kutoka Nyabusozi na ndizi na chupa ya uji wa ulezi. Nikapiga goti, shikamoo mama. Marahaba mwanangu, akanikumbatia. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Wewe una akili kweli? Pete na kidole, kipi kinauzwa dukani? Marehemu baba yako alivaa ya kwake Jumapili tu, na tukazeeka."

Mzee wa kitanda cha jirani akadakia, "Mama, msamehe. Bwana harusi huyo, bado ana homa ya ndoa." Wodi nzima ikacheka. Elias naye. Akasema ulikuwa ukaidi wake tu.

Kikombe cha kwanza cha uji mama kanipa mimi. "Kunywa, mwanangu. Huyu atakuzeesha mapema." Nilikunywa.

Jumanne, 10 Juni

Wameikata ile ncha. Mpaka kiungo cha mwisho. Nilikaa kwenye benchi nje nikiomba rozari, nikasahau niko fungu la ngapi, nikaanza upya. Ametoka anatabasamu. "Kucha tisa. Kazi imepungua." Nimekwenda kulia nyuma ya jengo la kufulia.

Ni mimi niliyemfanyia hivi. Si mashine peke yake.

Jumamosi, 14 Juni

Tuko nyumbani. Anasema ncha inamwasha, ile isiyokuwepo. Kikombe kimemponyoka mara mbili. Tofali bichi atalibebaje? Majirani wanakuja kutoa pole, wanauliza, naye anawajibu yaleyale: nilikataa kuivua. Kila siku anaisema vizuri zaidi. Mama mmoja kamwambia mbele yangu, "Umemwonea mkeo, kumpa kilema mapema hivi." Akainamisha kichwa.

Nampenda kuliko siku ya harusi. Najichukia kwa kiasi hichohicho.

Ijumaa, 20 Juni

Nyuzi zimetolewa zahanati. Muuguzi ni yuleyule. Alinitazama, akaendelea na kazi. Hajamwambia mtu.

Njiani nimemwambia Elias inatosha, nitasema ukweli. Kakasirika, mara ya kwanza tangu tuoane. "Mama akijua hatakupenda tena. Mimi nimepoteza ncha tu. Wewe usipoteze mama."

Jumapili, 22 Juni

Tumerudi misani. Amelala. Mkono wa kushoto uko juu ya mto, ngozi mpya ya waridi, laini kama ya mtoto. Nimekaa karibu naye. Kuna upepo, mahindi yaliyokauka yanasugua ukuta.

Sitamuuliza tena. Kabla mwezi huu haujaisha nitakwenda Nyabusozi peke yangu, nipige goti, nimwambie mama.