Mlango wa Tanuri la Njugu

Jumatatu, 10 Juni 1996

Mkuu wa chuo, Dk. Halvorsen, kaingia karakana leo. Kaniita mimi! Si Mzee Lyle, fundi mkuu — mimi. Alhamisi ni sherehe ya kuagana, maana Julai chuo chetu kinamezwa na chuo kikuu cha mjini. Hapa wanasomea udaktari wa sayansi tu, digrii ya kwanza hawataki hata kuiona. Na mimi niliyekimbia shule darasa la kumi ndiye nimekabidhiwa historia yao. Wamejua kuchagua!

Historia yenyewe ni mlango wa tanuri. Mabosi wa viwanda vya redio walipoanzisha chuo walikosa jengo, wakakodi banda la kukaushia njugu. Mlango umetolewa huko juzi, kutu na grisi unene wa kidole kizima. Dk. anataka ung'ae. Utang'aa mpaka aombe miwani ya jua.

Jumanne, 11 Juni

Nimemaliza kabla ya chakula cha mchana. Grenda ya kusagia chuma, msasa, kioo kabisa! Nikamwita Mzee Lyle ajione uso.

Akakaa juu ya ndoo.

“Dogo. Majina yako wapi?”

“Majina gani? Yale makwaruzo?”

Kumbe. Banda halikuwa na ukumbi wa mahafali. Kila aliyepata udaktari alipewa nyundo na herufi za chuma, akagonga jina lake mlangoni. Watu ishirini na tisa. Na majina hayo ndiyo hotuba nzima ya Dk. Halvorsen ya Alhamisi.

Nikasema si waje wagonge tena.

“Tisa wamekufa,” akasema.

Sikula.

Jumatano, 12 Juni

Nimemweleza Tansy, yule anayesomea metali ghorofa ya pili. Akanicheka mpaka akashika ukuta. “Profesa Corby! Miaka thelathini umeimaliza asubuhi moja?”

Lakini ana akili, shetani yule. Anasema nyundo hukandamiza chuma kwenda chini zaidi kuliko jicho linavyoona. Ukipaka tindikali, palipokandamizwa panalika tofauti, herufi zinarudi. Nikamwambia nilikuwa najua. Akacheka tena.

Mzee Lyle kanuna tu. Nikamtania: majina yakirudi, nagonga na langu pale pembeni chini, pana nafasi.

“Mlango ule ni wa waliosoma,” akasema. “Mimi niliwashikia herufi wote. Sijagonga hata nukta.”

Alhamisi, 13 Juni

Saa tisa na nusu. Wageni saa kumi. Naandika huku nasubiri tindikali ifanye kazi, glavu moja mkononi, mwandiko kama wa kuku.

Yanarudi! Yanajitokeza taratibu kama jivu kwenye chuma, herufi moja moja. Tansy anayasoma kwa sauti, Mzee Lyle anamsahihisha kabla hajamaliza. Yule, anasema, alikuwa anaogopa panya. Yule alivunja nyundo. Yule alilia.

Ishirini na saba. Ishirini na nane.

Ishirini na tisa!! Nimecheza. Tansy kakimbia kumwita Dk. Halvorsen.

Pamba ilibaki na tindikali, nikapaka na pale pembeni chini. Nilikuwa natafuta pa kugonga langu, nisidanganye. Pale hapakuwa na kwaruzo hata moja tangu mlango uletwe. Hata kabla ya grenda yangu.

LYLE OSTRA

Basi. Imeishia hapo. Ostrander, jina la ukoo la Mzee, halikumalizika. Mtu aligonga, akaacha katikati, akachukua tupa akasugua.

Nimemtazama. Masikio mekundu.

“Futa hiyo, dogo.”

“Lakini Mzee —”

“Futa. Dakika moja tu.”

Kaniwekea grenda mezani, yeye mwenyewe, kaichomeka na umeme. Wageni wanabisha hodi. Namsikia Dk. Halvorsen anacheka nje na watu wake.

Mzee kaenda kuwafungulia. Kutoka hapa hadi mlango wa karakana ni hatua kumi. Mtu huyu hajawahi kutembea polepole hivi.

Nimechomoa waya wa grenda. Ameusikia ukianguka sakafuni, na hajageuka —