Mnyororo Nilioacha Wazi

Barani, Malindi
Jumapili

Dada yangu Kadii,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanao Tevin, na kwamba baba anapumua vizuri siku hizi. Mimi ni mzima wa mwili. Mkono ulioteguka siku ya ajali umepona, hata jembe nashika. Utashangaa kuona nimeshika kalamu na simu ipo. Nimekupigia mara nne, na kila ukiitika naishia kuuliza habari za mahindi.

Ni juu ya ajali ile. Uliisikia kwangu. Nilikwambia uzembe wa mumeo Jefwa ulitaka kuniua na umemvunja mama wa watu mguu, nawe ukaiacha nyumba yako ya Mnarani ukarudi kwa wazazi. Niruhusu nikusimulie upya.

Asubuhi ile tulipakia trela ya pikapu huko Kilifi, mimi dereva, yeye utingo wangu: mifuko ya saruji na vigae vya kupeleka Mambrui. Wamjua shemeji alivyo na mzigo. Alipanga saruji mbele kidogo ya magurudumu, vigae nyuma, akavuta kamba mpaka zikalia, akazunguka akigusa tairi moja moja. Akanikumbusha, kama kawaida yake, kwamba uzito ukizidi nyuma trela huinua shingo, pale inapoungana na pikapu, na gari likishika kasi itayumba mpaka ikushinde.

Matsangoni palikuwa na mteja wa kushushiwa nusu ya saruji. Jefwa aliomba dakika kumi akamnunulie Tevin dawa ya kifua. Aliporudi tukaondoka. Tulipopita Gede, kwenye mteremko, trela ikaanza kucheza, kidogo kwanza, halafu kwa nguvu. Kwa hofu nikakanyaga breki kwa mguu wote. Trela ikachomoka kwenye pikapu, ikavuka barabara, ikaingia kwenye kibanda cha mama mmoja muuza machungwa, Nelly. Sisi tukaishia mtaroni. Mguu wa Nelly ulivunjika pawili. Mpaka leo namsikia akiuliza mtoto wake yuko wapi, na mtoto alikuwa shule, salama.

Mzee Laban, mwenye gari, alifika pamoja na polisi. Wakauliza ni nani aliyepanga mzigo, na ni nani aliyepaswa kufunga mnyororo, ule unaoizuia trela isikimbie hata ikichomoka. Nikasema ni Jefwa. Jefwa akaniangalia. Alingoja, dada. Nilipoinamisha macho ndipo akasema, "Kama shemeji amesema hivyo, mimi sina neno." Akafutwa kazi palepale. Mimi nikabaki na usukani.

Sasa ukweli wenyewe. Jefwa alipokuwa duka la dawa, mimi niliitenganisha trela nipate kugeuza pikapu kwenye ua mwembamba wa yule mteja. Nilipoirudisha sikufunga mnyororo. Jua lilikuwa kali, nami nilitaka kuwahi. Kisha nikashusha saruji, na niliyoishusha ni ile ya mbele, vigae vyote vikabaki nyuma. Jefwa aliporudi aliniuliza kama nimevisogeza, na kama mnyororo umefungwa. Alikuwa ameshaanza kuinama aangalie. Nikamwambia tayari, panda twende. Akanyanyuka akapanda. Aliniamini kwa sababu mimi ni ndugu yako.

Alhamisi nilikwenda kumwona Nelly nyumbani kwake. Sasa anatembea kwa magongo. Akaniambia nimkataze shemeji yangu kuja kila wiki kumwomba radhi, kwa kuwa alishamsamehe zamani. Nilitoka nikakaa kwenye jiwe uani. Mumeo anaomba radhi kwa kosa langu, na hajamwambia mtu.

Jana nilimweleza Mzee Laban kila kitu nikamrudishia funguo. Kesho nitakwenda polisi kuandika maelezo mapya, kisha kwa Nelly nikayaseme mwenyewe, lolote liwe. Kwa Jefwa nilikwenda leo mchana. Nilipiga magoti mlangoni pake nikamwomba anisamehe. Hakunifukuza, wala hakuninyanyua. Aliniuliza swali moja tu, kama wewe unajua. Nikasema bado. Akasema nisivuke kizingiti chake mpaka uwe umejua, akaurudisha mlango taratibu.

Barua hii anakuletea Ngowa, jirani yangu, anayekuja huko kesho. Wasomee baba na mama yote, usiruke mahali. Nisalimie Tevin, na umwambie baba yake hakumvunja mtu mguu. Mimi usinijibu kama moyo hautaki. Mpigie yeye.

Ni mimi mdogo wako, niliyekudanganya,
Nzai