Yaya Zakaria, Sasa Nacheza Polepole Kama Wewe

Yaya Zakaria,

Nimeanza barua hii mara tatu. Mara ya kwanza niliandika "habari za siku nyingi," nikaona ni ujinga, nikachana karatasi. Basi nitakueleza tu mambo yalivyo, nawe, kaka yangu, unisamehe kama hayapangiki. Hata kichwani mwangu hayapangiki.

Tereni yetu ya zamani, ule uwanja wa kando ya ziwa, haipo tena. Ziwa lilipanda mwaka uliofuata ule tuliokuzika, maji yakaingia mpaka katikati, na yaliporudi kidogo tukakuta simenti imepasuka na nguzo moja ya kikapu imelala. Sasa ekipi yetu ya mpira wa kikapu inacheza huku juu, Rugenge, nyuma ya shule. Upepo wa ziwa haufiki sana. Ungepapenda. Wewe ulikuwa unaukasirikia ule upepo kuliko waamuzi.

Mimi bado ni meneri, bado ndiye ninayepandisha mpira na kuwapanga wenzangu, kama ulivyoniachia. Lakini nina miaka thelathini na nane, Yaya. Goti la kushoto limevimba tangu mvua zilizopita. Asubuhi nashika ukuta kwanza ndipo nasimama, halafu naenda kufundisha hesabu kama mtu mzima asiye na shida.

Mwaka jana vijana wa Bukavu walishuka kucheza nasi. Meneri wao alininyang'anya mpira mara nne katika kipindi cha kwanza. Mara nne, mbele ya wanafunzi wangu. Nilikuwa nafanya yaleyale ya siku zote: kushoto, kulia, halafu mbio. Kichwa kilishapita, miguu ikabaki nyuma. Kocha akanitoa, akamwingiza Janvier, kijana wa miaka ishirini, anayekimbia kama nilivyokuwa nakimbia mimi wakati nilipochukua nafasi yako.

Nikakaa kwenye benchi, taulo kichwani, nikaanza kuukumbuka mgongo wako. Ulikuwa unamgeuzia mpinzani mgongo, mpira mkono wa mbali, unarudi nyuma hatua kwa hatua kama mtu anayepitisha gunia la mchele kwenye mlango mwembamba. Sisi tulicheka. Mimi ndiye niliyekupa jina la "Kamiyo ya Luberizi," lori la mchele. Hukukasirika. Ulinijibu, "Weye kimbia tu. Minye natumaka mupira ukimbie." Na siku moja ukaniambia, "Kuja asubui nikuonyeshe." Sikuja. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nilikuwa nimeshaingia kwenye watano wa kwanza, ungenionyesha nini?

Sasa nilitaka unionyeshe na hukuwepo.

Nikaanza kwenda terenini peke yangu kabla ya shule, kukutafuta kwa kumbukumbu tu. Ulitanguliza mguu gani? Mkono wa pili ulikuwa wapi? Nilidhani nakujua, kumbe nilikuwa nakuangalia bila kukuona. Nikamwendea Bosco, yule mrefu wetu aliyekuwa anasimama chini ya kikapu wakati wako na wakati wangu. Akafikiri sana, akasema, "Zakaria alianzaka na bega." Nikajaribu bega. Likawa ndilo. Nikaacha kuvuka katikati kwa mbio. Nikajifunza kutoa pasi mapema, kabla hawajanifikia, halafu kwenda kusimama mahali pangu mbele ya kikapu na kungoja mpira urudi. Nikaanza kuongea sana uwanjani, kuwaambia wenzangu nani anakuja nyuma yao. Sauti haina goti.

Tulicheza na timu ya mji wa Baraka baada ya Pasaka. Kijana aliyenikaba alisukuma mgongo wangu mpaka akachoka, akafanya makosa matano, akatolewa. Kuelekea mwisho mtu mmoja kati ya watazamaji akapaza sauti: "Zakaria amerudi!" Nikageuka kukutafuta. Nakuambia kweli, niligeuka, na mpira ukanipita mkononi ukatoka nje. Tulishinda hata hivyo. Lakini sijui walikuwa wananisifu mimi au wewe, na sijui ni yupi kati yetu nilitaka asifiwe.

Mkeo, Mama Neema, alikuwepo. Alinifuata nikifungua viatu, akaniambia polepole, "Shemeji, Zakaria alilia ile siku ulimuchukulia nafasi. Juma mbili hakupita njia ya tereni." Hakusema kwa hasira. Mimi ndiye niliyekosa pa kuangalia. Maana Bosco anasema vingine kabisa: wewe mwenyewe ulimwendea kocha, ukasema, "Weka mutoto, minye niko naenda kulima."

Yaya, ipi ni ya kweli? Nakumbuka ulinipa fulana yako ukicheka, halafu ukaondoka kwenda kwenye shamba lako la mpunga Luberizi. Miaka yote hii niliamini kile kicheko. Sasa nakirudia kichwani na kila mara kinasikika tofauti. Nilikutoa, au ulinipisha? Au mtu anaweza kupisha na kulia pamoja?

Nauliza kwa sababu ya Janvier. Wiki nyingine naomba ateguke mguu, halafu naona haya kuwa nimeomba hivyo. Dakika tano baadaye nampa pasi, anafunga, na moyo wangu unajaa kana kwamba ni mimi niliyefunga. Nawe ulikuwa hivyo juu yangu? Ungeniambia tu. Hata neno moja, hata kunitukana.

Sitalipata hilo neno, najua. Naendelea kucheza na bega lako, bila kujua kama uliniachia au niliiba.

Ila nakuahidi jambo moja. Siku nitakapotoka, sitacheka. Nitamwita Janvier pembeni, nitamwambia usoni kwamba inaniuma, na kwamba nafasi ni yake, yote mawili, asije akazunguka uzeeni kuuliza wajane na marafiki mimi nilikuwa nani kwake.

Pumzika, Yaya. Kesho tuna mazoezi, na nimemwambia Janvier aje asubuhi nimwonyeshe.

Mdogo wako,
Espoir