Chipukizi wa Miaka Hamsini na Mbili

Jumanne, 4 Novemba
Stanmore tena, pembeni kabisa mwa London. Nimesimama kwenye treni njia nzima, magoti yananung'unika kama wapangaji. Mama Hansa alikuwa dirishani ananingoja. Tangu apate kiharusi Kiingereza chake chote kimeondoka. Kigujarati kinakuja kwa kuchechemea. Kiswahili cha Tanga, alikozaliwa, kimebaki kizima, na matusi yake yote. Mwanawe Paresh hakijui. Utafiti wangu kwake ulikwisha zamani, lakini bado naenda. Najiambia ni kwa ajili yake.

Jioni barua pepe. Nimo kati ya watatu waliobaki kuwania tuzo ya watafiti chipukizi wa sayansi ya ubongo. Chipukizi! Kumbe wanahesabu tangu upate shahada ya udaktari, si tangu uzaliwe. Nikacheka peke yangu jikoni. Kicheko cha mtu mmoja kina mwangwi mbaya.

Alhamisi, 6 Novemba
Kwenye hafla ya tuzo kila mmoja wetu anaruhusiwa mgeni mmoja. Nimempa mwandalizi jina la binti yangu Zuhura kabla hata ya kumwuliza. Kimbelembele.

Kwetu jina lako likitajwa mbele za watu, mama, shangazi na majirani wanapiga vigelegele. Huwezi kujipigia mwenyewe. Siku ya udaktari wangu nilipata makofi ya adabu, kama ya kushukuru hotuba imekwisha. Nataka kigelegele kimoja tu. Nakitaka kuliko hiyo tuzo. Haya, nimeshaandika.

Jumapili, 9 Novemba
Binti yangu kapiga simu kutoka Leeds. Mimi Kiswahili, yeye Kiingereza, kila mtu upande wake wa barabara. Zamu yake haibadilishiki, kajaribu, anasikitika. Nikamwambia hakuna neno. Neno lilikuwepo.

Gauni nilikuwa nimeshalipiga pasi. Nimelirudisha kabatini.

Jumanne, 11 Novemba
Nilimsimulia Mama Hansa habari za tuzo kama umbea tu wa kunywea chai. Akauliza nakwenda na nani. Nikajifanya nashughulika na sukari.

"Mwana, nani atakupigia vigelegele?"

Akaniangalia kama anayepima kitambaa, kazi aliyoifanya dukani kwa baba yake.

"Basi nakuja mimi. Paresh atatuletea gari. Umwambie wewe, mimi Kiingereza sina."

Nikamkumbusha kwamba mdomo wake upande mmoja haumtii.

"Upande mmoja unakutosha. Kwani unaolewa?"

Ijumaa, 14 Novemba
Imekwisha. Naandika na viatu miguuni.

Wenzangu wawili ni wa rika la Zuhura. Mpiga picha akaniuliza mimi ni mama wa yupi. Nikamwonyesha kijana mwembamba mwenye tai. Akanisogeza karibu yake, akatupiga picha, akaniambia niweke mkono begani kwa mwanangu. Nikauweka. Kijana wa watu akatabasamu. Nilijitakia mwenyewe.

Kabla ya kumtaja mshindi walisoma majina yetu sote watatu. Langu la pili. Mwenyekiti hajalimaliza, Mama Hansa kaachia kigelegele. Kilitokea pembeni mwa mdomo, chembamba, kikakatika katikati. Akavuta pumzi, akakiunga. Ukumbi mzima ukadhani nimeshinda. Makofi. Wengine wakasimama. Mwenyekiti amebaki na bahasha mkononi, uso mwekundu, anangoja watu wachoke.

Kisha akaifungua. Kijana mwenye tai. Makofi yake yalikuwa machache kuliko yangu, maskini.

Nilitamani sakafu inimeze. Nilitamani pia Mama Hansa arudie.

Jumamosi, 15 Novemba
Sijatoka. Imeuma. Nilijidanganya kwamba haitauma.

Zuhura kauliza kwa ujumbe. Nimemjibu sikupata. Kanitumia moyo mwekundu. Habari ya kigelegele sikumwambia, sijui ningeanzia wapi.

Kinachonikera ni Mama Hansa. Jana njia nzima kashika mkono wangu, ananipa hongera. Hakuelewa hata neno moja la mle ukumbini. Anaamini nimeshinda. Jumanne itanibidi nimwambie. Mtaalamu wa ubongo, na sijui nitasemaje.

Jumanne, 18 Novemba
Nimemwambia. Nilianza mbali, nikazunguka, nikamshika mkono kama naleta habari za msiba. Akauondoa mkono wake achukue biskuti.

"Nilimwona yule kijana akipewa. Nimepoteza Kiingereza, macho ninayo."

Nikamwuliza, basi hongera za nini, na kigelegele cha nini.

"Si walikuita jina?"

Kisha akalalamika kwamba chai imepoa, na mimi ndiye niliyeipoza kwa maneno mengi.

Nyumbani Woolwich nimefika na giza. Wachuuzi sokoni wanakunja meza. Nimepika wali wa nazi wa watu wawili, kwa mazoea. Nusu nimeifunika, ya kesho.