Jina Langu Chini ya Ukurasa

Namakwekwe, Mbale
6 Machi 2014

Mdogo wangu Fatumah,

Salamu zikufikie hapo Mpumudde ukiwa umeketi, maana ukisimama utaanza maswali. Presha imeshuka? Na lile goti? Mimi mzima. Meno yamebaki manne, nayo hayasemezani.

Simu ninayo, lakini ungenikatia katikati. Ndiyo maana nampa Wamboga wa teksi akuletee hii mkononi.

Binti yako Zaituni alinitembelea juzi. Amekuwa mtu mkubwa kweli! Mtafiti wa ulinzi na usalama, hata majenerali wanamsikiliza. Nikamwambia jeshi mimi nililijua kwa kulipikia maharage, hakuna cha kutafiti. Akacheka, akanifungulia kitabu chake cha wanajeshi waliotawanyika katika vita vya 1979. Chini ya ukurasa mna maandishi madogo kama sisimizi. Akanisomea kwamba dereva Habib alivuka kwenda Sudan, kwa maelezo ya Bakhit wa Namakwekwe. Alisema kazi yake yote ilianzia hapo, kwa kutaka kujua baba yake alikwenda wapi.

Halafu akaniambia Jumatatu anakwenda Juba kumtafuta. Kule wanapigana tena, Fatumah. Nikamsihi asiende, akanijibu kwamba vita ndiyo kazi yake.

Basi nisikilize, na usirushe kikombe.

Habib hakuvuka mpaka wowote. Tulipokimbia Jinja, tukafika Tororo, alitaka kugeuza lori arudi kwako na kwa mtoto. Mimi sijui kuendesha, nikaogopa kubaki bila dereva. Nikamtania mbele ya wenzetu kwamba anamwogopa mke kuliko Watanzania. Wakacheka. Akaona haya, akaendelea. Pale Busiu tukapigwa risasi, akafia kwenye usukani. Wenzetu wakatawanyika, mimi niliruka nikalala katika mahindi.

Kesho yake mzee Gidudu, mwenye shamba, alinisaidia kumzika nyuma ya migomba yake. Nilimwosha kwa debe moja la maji. Nikamsalia kwa sura mbili, ndizo nilizozijua.

Kwako nikaleta mzaha, kwamba amevuka na huenda ameshaoa Msudani mnene. Ukanuna. Nikaona kununa ni afadhali kuliko kulia, nitakuambia wiki ijayo. Wiki hiyo ndiyo hii. Ukakataa kila mchumba, na kila Idi unampigia pasi kanzu yake huku unamtukana. Hata eda hukumkalia, kwa sababu yangu.

Mzuie Zaituni. Mlete Busiu. Mtoto wa Gidudu bado analima pale, na ile sehemu hapitishi jembe. Nitawangoja barabarani. Mkitaka msinisalimie. Na katika kitabu asilifute jina langu, aongeze tu kwamba niliongopa.

Nisalimie Namukose jirani yako, na kuku wake wezi.

Njoo na ile kanzu. Safari hii usiipige pasi.

Ni mimi kaka yako,
Bakhit