Ukuta Uliogeuza Maji

Mdogo wangu Mahfudh,

Sisi tuko salama. Mbuzi wa mama kazaa mapacha, na mitende tuliwahi kuipandisha chavua kabla ya mvua za radi. Huko Maskati joto limeanza?

Jumanne mvua ilinyesha kule milimani, huku kwetu jua linawaka. Mara tukasikia mawe yanaunguruma bondeni. Maji yakafika kwenye ukuta uliojenga kulinda kiwanja chako, yakazuiwa, yakageukia kwa jirani yetu Bi Zuwaina. Tangu aolewe hapa, hayajawahi kuingia kwake. Tulimkuta amekumbatia mlimau, maji kifuani, anayatukana. Mguu umevunjika na nyumba imekwenda na maji.

Mwaka jana nilikuonya kwamba pale ni njia ya maji. Ukanijibu, "Dada, umekuwa mhandisi lini?" Ukacheka, nami nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Mahfudh, huyu ndiye aliyekunyonyesha mama alipougua! Sasa tumemlaza chumbani kwako. Jana kaniambia, "Usimwandikie, mwanangu, atajisikia vibaya."

Nikamwambia, "Na ajisikie!"

Leo asubuhi nimeita tingatinga, nimeubomoa ukuta wako wote. Mama alisimama akitazama, hakunizuia. Najua utakuja kunigombeza, na mimi nakungoja. Lakini kabla hujanifokea, ingia kwanza chumbani ukamwamkie mgonjwa. Ukitoka humo ukiwa bado una hasira na mimi, tutaongea.

Dada yako,
Shamsa